Delta ya Rufiji: Tope lisomwe kabla ya shamba kupimwa

Mkulima wa mpunga katika delta ya Rufiji hufyeka mikoko akiamini kuwa tope jeusi lina rutuba. Misimu ya mwanzo huvuna vizuri. Baadaye mavuno hushuka, magugu huzidi, naye husogea mbele kufyeka tena. Mikoko hupotea na umaskini hubaki palepale.

Hasara hiyo ingepungua iwapo ardhi ingechunguzwa kwanza. Wataalamu huchomeka bomba ardhini na kutoa udongo ukiwa na tabaka zake. Mchanga wenye chembe kubwa huonyesha palipopita maji ya kasi. Tope laini ni la maji yaliyotulia. Ndani yake mna mabaki ya viumbe yanayoonekana kwa hadubini tu. Magamba ya foraminifera huashiria kuwa maji ya bahari yalifika. Diatomu, yaani mwani mdogo sana, zipo za maji baridi na za maji chumvi. Chavua ya mikoko hueleza msitu ulisimama wapi, na vipimo vya kaboni hutoa umri.

Utafiti wa chavua wa Rufiji uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa kwa maelfu ya miaka mikoko imekuwa ikisogea kadiri usawa wa bahari ulivyobadilika. Kwa hiyo mpaka wa chumvi haujatulia mahali pamoja. Zaidi ya hayo, tope la mikoko huweza kuwa na salfa nyingi; likikaushwa, hewa huigeuza kuwa asidi inayodhuru mimea.

Suala hili ni la haraka. Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022, linazuia sehemu ya udongo uliokuwa ukishuka na mto. Misri inajua gharama yake: tangu Bwawa Kuu la Aswan likamilike mwaka 1970, tope la Nile hubaki ziwani huku bahari ikila fukwe za delta.

Wapo watakaosema uchunguzi ni ghali. Hata hivyo, mashimo ya awali huchimbwa kwa vifaa vya mkono. Serikali na halmashauri zifanye kazi hiyo kabla ya kugawa eneo lolote la kilimo, na majibu yabandikwe kwenye ofisi za vijiji. Mkulima anastahili kujua chini ya jembe lake kuna nini kabla hajakopa fedha za mbegu.