Tusimbebeshe Bánk Damu Isiyo Yake

Wengi wanaomjua Bánk, kabaila wa Hungaria wa karne ya 13, wamemjulia kwenye tamthilia ya József Katona iliyochapishwa mwaka 1820, au kwenye opera ya Ferenc Erkel ya mwaka 1861. Ni kazi kubwa zote mbili. Tatizo ni kwamba yaliyotungwa kwa ajili ya jukwaa sasa yanasimuliwa kama historia.

Inadaiwa kwamba Bánk alimuua Malkia Gertrude kwa mkono wake. Malkia aliuawa tarehe 28 Septemba 1213 katika misitu ya Pilis, mumewe, Mfalme Andrew wa Pili, akiwa safarini vitani Halych. Aliyeongoza wauaji ni Peter, mwana wa Töre, naye hakucheleweshwa: aliuawa kwa kosa hilo. Bánk alipoteza cheo chake cha palatino, ofisa mkuu kuliko wote chini ya mfalme, lakini roho yake ilisalimika. Zaidi ya hapo, mwaka 1217 tunamkuta akiitawala Slavonia kwa niaba ya mfalme yuleyule. Ni mume gani angemkabidhi jimbo zima mtu aliyemchinja mkewe?

Wanasema pia alilipiza kisasi kwa sababu mkewe, Melinda, alivunjiwa heshima na Otto, nduguye malkia. Melinda ni jina la Katona. Hakuna hati iliyohifadhi jina la mke wa Bánk. Kisa chenyewe cha kuvunjiwa heshima kinajitokeza katika maandishi ya miongo kadhaa baada ya mauaji. Kinyongo chenye ushahidi ni cha madaraka. Gertrude aliwapendelea ndugu zake wa Merania: mwaka 1209 ugavana wa Slavonia ulitoka kwa Bánk ukaenda kwa Berthold, kaka wa malkia, ambaye tayari alikuwa askofu mkuu wa Kalocsa.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaomsafisha kabisa. Binti yake aliolewa na Simon, mmoja wa waliokula njama, kwa hiyo shauri lile lilifika hadi ndani ya ukoo wake. Na mwana wa Gertrude, Mfalme Béla wa Nne, hakusahau: hati yake ya mwaka 1240 inamtaja Bánk kuwa mshiriki wa njama ya kumuua mama yake, na kwamba kwa kosa hilo alipoteza mali zake.