Wazee Wetu Wapewe Mahali pa Kulima

Ndugu zangu wakazi wa Dar es Salaam, katika kila mtaa wapo wazee waliozaliwa katika kilimo, wakaja mjini kutafuta kazi, wakastaafu, na leo hawana hata kipande cha kupanda bamia. Wanashinda ndani peke yao, wakingoja wajukuu watoke shule. Presha na sukari zinawakuta hapo hapo kwenye kiti.

Shirika la Afya Duniani linashauri hata mwenye umri mkubwa aushughulishe mwili kwa dakika zisizopungua 150 kwa wiki, na ale walau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Bustani inampa yote mawili, na zaidi ya hayo, wenzake wa kuzungumza nao. Kwangu mimi, hao wenzake ndio dawa kubwa kuliko zote.

Kwa hiyo naomba kila mtaa utenge eneo: nyuma ya ofisi ya serikali ya mtaa, kwenye uwanja wa shule, wa msikiti au wa kanisa. Matuta yajengewe matofali hadi kimo cha paja, ili mwenye magoti yanayouma apalilie akiwa ameketi kwenye stuli. Pasipo na ardhi, magunia yanatosha. Kibera, Nairobi, watu wamelima sukuma wiki hivyo kwa miaka mingi: udongo na samadi pembeni, mawe katikati ili maji yashuke hadi chini, miche ikichomekwa ubavuni. Mchicha nao hauchelewi. Wiki tatu au nne, unachuma.

Mbolea tunayo jikoni. Maganda ya ndizi na viazi tunalipia yachukuliwe na gari la taka, yakaoze dampo la Pugu Kinyamwezi na kutoa gesi inayoongeza joto duniani. Tuyapange shimoni kwa tabaka, pamoja na majani makavu na samadi ya kuku, tuyageuze kila wiki, tuyanyunyizie maji. Baada ya miezi mitatu hivi ni mboji. Maji yaliyooshea mchele yamwagilie matuta. Maji ya mtaro au ya Mto Msimbazi yasiguse mboga zetu kabisa, maana yamebeba uchafu wa viwanda na vyoo.

Vijana, kuchimba na kubeba ndoo ni kazi yenu. Uamuzi wa nini kipandwe na lini muwaachie wazee, kwani ujuzi ni wao. Tusiwageuze vibarua.

Oktoba mosi ni Siku ya Wazee Duniani, na mwezi huo ndipo mvua za vuli huanza. Siku hiyo kila mtaa uwakabidhi wazee wake eneo, mbegu na majembe. Mwone mwenyekiti wako wa mtaa wiki hii, umwombe jambo hili liingie kwenye ajenda ya mkutano ujao, nawe uhudhurie kulitetea.