Mpangaji wa Junda atalichajia wapi gari la umeme?

IJUMAA ya Septemba 1, 2023, Rais William Ruto alizindua mjini Mombasa mpango wa pikipiki zinazotumia umeme. Wiki moja kamili kabla ya hapo, usiku wa Ijumaa ya Agosti 25, sehemu kubwa ya nchi ilikuwa imezama gizani baada ya gridi ya taifa kuanguka. Mkazi wa Kisauni aliyepokea habari hizo mbili katika muda wa siku saba alikuwa na haki ya kujiuliza kama wanaopanga usafiri wa umeme na wanaosambaza umeme wenyewe huwa wanakutana.

Tangu wakati huo mjadala umehamia kwenye magari. Petroli ilipovuka shilingi 200 kwa lita mwezi huohuo wa Septemba 2023, wengi walianza kuulizia magari ya umeme, hasa Nissan Leaf zilizokwishatumika zinazoletwa kutoka Japan. Na swali la kwanza la mnunuzi huwa ni hili: chaja ya kuweka nyumbani inagharimu pesa ngapi?

Ni swali la haki, lakini kwa mtu wa Junda limeanzia mbali na chanzo cha tatizo. Kifaa chenyewe ni sanduku dogo la kutundikwa ukutani. Kinachotakiwa kuhesabiwa kwanza ni ukuta, kisha mita, kisha mwenye kauli juu ya vyote viwili.

Tutazame nyumba zenyewe. Katika mitaa ya Junda, inayoteremka hadi kwenye mikoko ya hori la Tudor, nyumba nyingi ni zile za Kiswahili: ujia katikati, vyumba huku na huku, choo na bafu uani. Aghalabu mita ni moja, na bili hugawanywa baina ya wapangaji au huingizwa ndani ya kodi. Aliyewahi kupanga chumba cha namna hiyo anaijua amri ya mwenye nyumba: pasi marufuku, jiko la umeme marufuku, birika la umeme ndilo kabisa. Mpangaji anayezozana na mwenzake kuhusu friji hawezi kuingia na ombi la kuchaji gari.

Sasa turejee kwenye sanduku la ukutani. Chaja ya kawaida ya nyumbani huvuta ampia 32, yaani kilowati saba na ushei. Huo ni mzigo wa pasi saba za wati 1,000 zilizowashwa pamoja kwa saa kadhaa bila kupumzika. Nyaya zilizofungwa miaka 20 iliyopita kwa ajili ya taa, redio na feni haziwezi kuubeba. Chaja hiyo hutaka waya mnene unaotoka moja kwa moja kwenye bodi ya umeme bila kuchangiwa na soketi nyingine, swichi yake ya kukata umeme, kinga dhidi ya umeme unaovuja, na waya wa ardhini uliozikwa ipasavyo. Kazi yote sharti ifanywe na fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA. Jirani na hori, upepo wa chumvi hula viungo vya waya upesi, kwa hivyo fundi wa bei rahisi ni hasara iliyoahirishwa tu.

Kwa maneno mengine, bei ya chaja hutegemea hali ya nyumba. Nyumba mpya yenye waya mzuri na bodi yenye nafasi haihitaji mengi. Nyumba kongwe huenda ikadai kufungwa waya upya kabla chaja haijatolewa kwenye boksi.

Lakini je, sanduku hilo linahitajika? Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotezwa na wauzaji. Gari haliwezi kupokea umeme kwa kasi inayozidi uwezo wa mtambo uliomo ndani yake. Leaf za mwanzo, zenye betri ya kilowati-saa 24, nyingi hupokea kilowati 3.3 pekee, hata ukizichomeka kwenye chaja ya mara mbili ya hapo. Isitoshe, mtu anayekwenda Kisiwani kazini kupitia Daraja la Nyali na kurudi, akaongeza mizunguko yake miwili mitatu, huenda asizidi kilomita 40 kwa siku. Umbali huo hula takriban uniti sita. Soketi madhubuti ya ampia 10, iliyofungiwa waya wake peke yake, hurudisha uniti hizo kwa muda usiofika saa tatu. Gari hulala saa nane. Haraka ya nini?

Sisitizo liko kwenye waya wake peke yake. Kuchomeka gari kwenye soketi ileile ya televisheni, kupitia waya wa kurefushia uliopitishwa dirishani, ni kuwaalika wazimamoto.

Ikiwa chaja kubwa si lazima, gharama iko wapi basi? Iko kwenye bei ya uniti. Katika viwango vilivyoanza Aprili 2023, EPRA iliwagawa wateja wa nyumbani kwa wastani wa matumizi yao: asiyezidi uniti 30 kwa mwezi alitozwa shilingi 12.22 kwa uniti, wa hadi uniti 100 shilingi 16.30, na aliyevuka hapo shilingi 20.97. Juu yake huja gharama ya mafuta ya kuzalisha umeme, marekebisho ya fedha za kigeni, ushuru wa VAT na tozo ya umeme wa mashambani. Katika tangazo hilohilo EPRA iliweka, kwa mara ya kwanza, bei maalumu ya kuchaji vyombo vya usafiri: shilingi 16 mchana na shilingi 8 saa ambazo matumizi ni madogo. Viwango vimerekebishwa baadaye, ila vinatosha kuonyesha pesa zinakokwenda.

Chukua nyumba inayotumia uniti 60 kwa mwezi. Hulipa shilingi 978 kabla ya tozo. Mwenyewe akinunua gari na kulichaji kwa mita hiyohiyo, siku 26 kwa uniti sita humwongezea uniti 156. Jumla sasa ni 216, na si gari pekee linalolipiwa bei ya juu: hata taa na feni zinapandishwa daraja. Bili hufika shilingi 4,529. Jirani yake mwenye gari kama hilo, lakini aliyepata mita ya pili kwa ajili ya kuchaji usiku tu, hulipa 978 za nyumba na 1,248 za gari, jumla shilingi 2,226. Tofauti ya shilingi 2,303 kila mwezi haitokani na chaja wala gari. Inatokana na mita.

Ni kweli kwamba wote wawili wamenufaika. Kilomita zizo hizo kwa gari dogo la petroli, lita moja kwa kilomita 14, ni takriban lita 74; ukikadiria shilingi 180 kwa lita, ni zaidi ya shilingi 13,000. Lakini nafuu ya usiku inawekwa kwa sababu: mvuke wa Olkaria hautulii watu wanapolala, na umeme usiotumika saa nane za usiku hupotea bure. Ikiwa taifa linataka umeme huo upate mnunuzi, lazima mnunuzi aweze kuufikia.

Na mita ya pili haiombwi na mpangaji. Huombwa na mwenye nyumba, na Mombasa hata jina hilo lina walakini. Kuna mtindo unaofahamika wa nyumba bila ardhi: mtu amejenga na kumiliki kuta, bati na milango, ilhali kiwanja ni cha mwingine anayelipwa kodi ya ardhi. Kisauni, yenye historia ndefu ya mizozo ya mashamba na wamiliki wasioishi hapa, inayajua haya vizuri. Mtu asiye na uhakika wa ardhi chini ya msingi wake hukarabati paa kwa sababu mvua haingoji. Kuzika nyaya nene kwa ajili ya gari, tena la mpangaji atakayehama, ni jambo jingine.

Uingereza, ambako kifaa na kazi ya kukifunga hugharimu takriban pauni 1,000, serikali ililiona tatizo hili. Mwaka wa 2022 iliwaondolea ruzuku ya chaja watu wenye nyumba zao binafsi, ikawabakishia wapangaji na wakazi wa maghorofa, hadi pauni 350 kwa chaja. Sisi tulianza kwa kupunguza bei ya uniti, jambo jema, pasipo kuuliza ni nani mwenye mita. Matokeo ni kwamba anayeifaidi shilingi 8 kwa urahisi ni mwenye ua na lango Nyali, au kampuni yenye karakana.

Wahudumu wa bodaboda wamelikwepa tatizo kwa kubadilisha betri vituoni. Hawachaji nyumbani wala hawamiliki betri. Hulipia kila wanapobadilisha. Mpango huo umewafaa, ingawa kwa kawaida betri ya kampuni moja haiingii kwenye pikipiki ya nyingine, na aliyeingia ametia sahihi ya kukaa. Gari halina njia hiyo hapa kwetu. Betri yake haibebwi begani.

Hata hivyo, Junda ina kitu ambacho wapangaji wa sera hawajakitazama vya kutosha. Kwa kuwa vichochoro ni vyembamba, magari na tuktuk nyingi hazilali mlangoni kwa wenyewe. Hulala katika viwanja vya maegesho vyenye mlinzi, kwa ada ya usiku. Ua mmoja wa namna hiyo una ukuta, taa, mtu aliye macho hadi alfajiri, na vyombo vilivyosimama saa zilezile ambazo umeme ni wa shilingi 8. Mwenye ua akipewa mita moja ya usafiri na soketi kumi zenye waya wake, gharama ambayo mpangaji mmoja haiwezi hugawanywa kwa kumi. EPRA ilitoa mwaka huohuo wa 2023 miongozo ya vituo vya kuchajia na kubadilishia betri, na mnamo Machi 2024 Wizara ya Uchukuzi ilizindua rasimu ya sera ya kitaifa ya usafiri wa umeme. Kinachosubiriwa na mwenye ua wa Junda ni kujua kama, mbele ya karatasi hizo, atahesabiwa kuwa kituo cha biashara chenye masharti yake yote, au mtu aliyeomba tu mita ya pili.