Tuhesabu saa za mwendesha pikipiki kabla ya kumwita shujaa

Alfajiri moja mwezi uliopita nilikuwa nimesimama katika kituo cha pikipiki mjini Ruiru, hatua chache kutoka barabara kuu ya Thika, nikisubiri usafiri wa kunifikisha kazini. Waendeshaji kadhaa walikuwa wamemzunguka kijana mmoja, wakimpongeza kwa vicheko na kumpiga mabegani kama mtu aliyerejea kutoka vitani.

"Mwalimu, umesikia?" mmoja wao aliniuliza. "Huyu juzi ametoka hapa saa nane usiku na mzigo wa mtu, akaufikisha Mombasa, akala chakula, akageuza nduthi. Saa tano usiku alikuwa hapa hapa kituoni!"

Nilipomtazama shujaa huyo usoni, nilimtambua. Alikuwa mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili, yule akaaye safu ya nyuma na ambaye nimemkemea mara mbili kwa kusinzia kipindi cha asubuhi kikiendelea. Aliinamisha kichwa. "Habari ya asubuhi, Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini. Macho yake yalikuwa mekundu kama pilipili.

Nimelitafakari jambo hilo tangu siku hiyo, na nadhani linatuhusu walimu na wanafunzi kuliko tunavyodhania. Kutoka Ruiru hadi Mombasa ni takriban kilomita 500. Kwenda na kurudi ni kama 1,000. Kijana yule aliutumia muda wa saa ishirini na moja, juu ya pikipiki ndogo iliyoundwa kwa safari za mjini, katika barabara ya malori makubwa, akipita Mtito Andei na Voi akienda na akirudi. Je, huo ni ushujaa? Na kama ni ushujaa, mbona nilipomwona nilishikwa na hofu badala ya fahari?

Ulimwenguni wapo watu waliolifanya jambo hili kuwa fani kamili. Nchini Marekani kuna chama kiitwacho Iron Butt Association, ambacho chimbuko lake ni mashindano ya pikipiki ya masafa marefu yaliyoandaliwa mwaka 1984. Miongoni mwa safari ambazo chama hicho huzitambua, ya msingi kabisa huitwa SaddleSore 1000. Anayeitaka sharti aendeshe maili 1,000, yaani kilomita 1,609, katika muda usiozidi saa ishirini na nne. Kwa vipimo vyetu, ni kana kwamba kijana wa Ruiru angefika Mombasa, arudi nyumbani, kisha aishike tena njia ya Mombasa hadi mwisho, na bado abakiwe na kilomita kama mia moja. Bila kusimama hata dakika moja, angehitaji mwendo wa wastani wa kilomita 67 kwa saa.

Msomaji anaweza kudhani kwamba sifa ya safari hiyo ni kasi. Sivyo. Chama hicho hakimtunuku aliyewahi kuliko mwenzake. Aliyemaliza kwa saa kumi na nane na aliyemaliza kwa saa ishirini na tatu hupata cheti kile kile. Kinachodaiwa ni ushahidi. Mwendeshaji huandika kila kituo alichojaza mafuta, hutunza stakabadhi zenye tarehe, saa na mahali, na hunakili tarakimu za mita ya pikipiki yake. Aidha, wakongwe wa fani hiyo huwausia wanagenzi jambo moja tena na tena: jua kikomo chako, na ukihisi usingizi, simama. Kwao, kujua kusimama ni sehemu ya umahiri wenyewe. Mtu hupanga atakapopumzika kabla hajapanga atakapofika.

Hapo ndipo tofauti inapojitokeza. Mmarekani yule huifanya safari hiyo labda mara moja kwa mwaka, kwa hiari yake, juu ya pikipiki kubwa, akiwa ameyapanga mapumziko, na kila saa yake imeandikwa. Mwendesha pikipiki wa Ruiru au Thika huifanya safari inayokaribiana na hiyo kwa uchovu, ijapokuwa si kwa umbali, karibu kila siku. Hutoka nyumbani kabla ya jogoo kuwika ili awapate wafanyakazi waendao viwandani Thika, na wengine hurudi baada ya kuwafikisha abiria wa mwisho Makongeni, Ngoingwa, Kimbo au Membley usiku wa manane. Hana stakabadhi, hana shahidi, wala hana anayemhesabia saa.

Kazi yangu ni isimu, na mazoea ya kazi hiyo hunilazimisha kuyauliza maneno yalikotoka. Neno "boda boda" lilizaliwa katika mpaka wa Kenya na Uganda, upande wa Busia, katika miaka ya 1960. Wenye baiskeli waliwavusha watu na mizigo kutoka kituo cha mpakani cha nchi moja hadi cha nchi ya pili, wakiwaita wateja kwa neno la Kiingereza la mpaka, nalo likatoholewa likawa letu. Kwa hiyo katika asili yake neno hilo lilitaja safari fupi kabisa, safari ya kutoka lango hadi lango. Leo tumeliongezea injini, tukaliongezea mzigo, tukalinyoosha kutoka Ruiru hadi Mombasa, na bado tunadhani tunazungumzia kitu kile kile.

Litazame pia neno tunalolipenda shuleni na makanisani: kustahimili. Mzizi wake umo katika Kiarabu, nao hubeba maana ya kubeba. Kutoka mzizi huo huo tumepata "himili", tumepata "mhimili" unaoshikilia nyumba, na tumepata "hamali", mchukuzi wa mizigo anayejulikana sana katika bandari za pwani yetu. Basi anayestahimili ni hamali wa aina fulani. Lakini hamali, hata awe na misuli ya simba, hubeba kutoka hapa hadi pale kisha hutua mzigo. Asiyetua si mstahimilivu. Ni mtu anayengoja kuanguka. Na kupumzika je? Neno hilo lina udugu na "pumzi". Anayepumzika anairudisha pumzi yake. Lugha yetu, kwa hiyo, inakujua kubeba na inakujua kutua. Sisi wenyewe tumechagua kulisifu la kwanza na kulisahau la pili.

Tuje kwenye sheria. Sheria ya Trafiki ya Kenya, baada ya marekebisho ya mwaka 2012, inamkataza mtu kuendesha gari la uchukuzi wa abiria kwa zaidi ya jumla ya saa nane katika kila muda wa saa ishirini na nne. Walioitunga walijua kwamba uchovu huua. Lakini marekebisho ya mwaka huo huo yalipogusia pikipiki, yalikazania kofia, koti lenye kung'aa na idadi ya abiria. Hayo ni mambo ya maana, wala siyadharau. Hata hivyo ni mambo yaonekanayo kwa macho. Askari aliyesimama barabarani anaweza kuiona kofia isiyovaliwa, lakini hawezi kuziona saa kumi na sita zilizomo ndani ya kichwa kilichovaa kofia hiyo.

Wanasayansi wamezipima saa hizo. Mwaka 1997 watafiti wawili nchini Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika jarida la Nature. Waligundua kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa kumi na saba mfululizo hupungukiwa na umakini sawa na mtu ambaye damu yake ina asilimia 0.05 ya pombe, kiwango ambacho katika nchi nyingi humzuia mtu kuendesha gari. Akifikisha saa ishirini na nne, hali yake huwa sawa na ya mwenye asilimia 0.10. Ndiposa nasema kijana wetu alipokuwa akiirudia Ruiru saa tano ya usiku, alikuwa katika hali ya mlevi ingawa hakuonja hata tone. Tunacho kifaa cha alkoblo cha kumnasa mlevi. Cha kumnasa aliyekosa usingizi hatuna, na badala yake tunampigia makofi.

Gharama ya makofi hayo tunaijua. Takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama zilionyesha kwamba katika mwaka 2023 na pia mwaka 2024 zaidi ya watu 4,000 walifariki barabarani nchini Kenya kila mwaka. Wapita njia ndio waliotangulia katika orodha ya waliofariki, na waendesha pikipiki wakawafuata. Siwezi kudai kwamba wote hao walisinzia. Lakini nani aliyewauliza jamaa zao marehemu alikuwa ameamka saa ngapi?

Ni haki vilevile kuuliza kwa nini mambo yamekuwa hivi. Barabara kuu ya Thika, yenye urefu wa takriban kilomita 50, ilifunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki mnamo Novemba 2012. Iliufupisha mwendo wa kwenda Nairobi, watu wakamiminika Ruiru na Juja, majumba yakaota mahali palipokuwa na mibuni na mkonge. Lakini lami ile pana huishia kwenye kituo cha matatu. Kutoka hapo hadi mlangoni ni vumbi au matope, na pikipiki ndiyo iliyoziba pengo hilo. Miaka minne kabla ya hapo, mwaka 2008, serikali ilikuwa imeiondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, na bei ikashuka. Vijana walipata kazi, nasi tukapata usafiri. Ni neema ambayo hakuna mwenye busara atakayeikana.

Ila neema hiyo ina mwenyewe. Vijana wengi hawamiliki pikipiki wanazoziendesha. Wengine huwa na deni la mkopo, wengine humpelekea mwenye chombo kiasi fulani kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe. Kiasi hicho hakipungui kwa sababu mtu amechoka. Mwanafunzi wangu alipokuja ofisini baadaye, alinieleza hesabu yake bila kulalamika. Sehemu ya kwanza ya siku ni ya mwenye pikipiki, ya pili ni ya mafuta, na inayobaki ndiyo karo na chakula. "Mwalimu, nikilala saa nane kama unavyotaka, nitakuwa nimelala na karo yangu," aliniambia. Sikuwa na jibu. Nilijua tu kwamba nilimkemea darasani kwa kosa nisilolielewa.

Nasi walimu tusijitoe lawamani. Ni nani aliyewafundisha vijana kwamba kukesha ni sifa? Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinasema wazi kwamba masomo ya darasani katika shule za kutwa huanza saa mbili asubuhi na kumalizika saa tisa unusu alasiri. Lakini nani asiyewajua watoto wanaosimama gizani saa kumi na moja alfajiri, mikoba mgongoni, macho yakiwa nusu yamefumba? Nani asiyeijua shule ya bweni ambapo taa za darasani huwaka kabla ya adhana? Tunamsifu mwanafunzi aliyekesha na vitabu, tunamwita mwenye bidii, kisha tunashangaa akiwa mtu mzima anakesha juu ya pikipiki. Methali yetu husema mvumilivu hula mbivu, lakini sharti awe hai ndipo azile.

Nini kifanyike? Kwanza, mjadala wa kuidhibiti sekta hii, ambao ulifika hata katika Seneti kupitia mswada wa mwaka 2023, usiishie katika usajili, mafunzo na adhabu. Kikomo cha saa nane kilichowekewa dereva wa matatu kimfae pia kijana wa pikipiki, kwa utaratibu unaotekelezeka. Pili, vyama vya vituo vina uwezo ambao polisi hawana. Kila kituo humjua aliyefika wa kwanza na aliyeondoka wa mwisho. Zamu iliyoandikwa kwenye daftari la kituo, ya asubuhi na ya jioni, haihitaji fedha za wafadhili. Tatu, wanaomiliki pikipiki na wanaozikopesha waelewe kwamba malipo yasiyojali uchovu ni malipo yanayohatarisha mali yao wenyewe. Nne, vyuo vikuu vilivyo kando ya barabara hii viwatambue wanafunzi wanaojilipia karo kwa usukani, viwapangie vipindi na malipo kwa namna wanayoweza kuimudu.

La mwisho ni letu, wenye chaki na wenye kalamu. Kijana akitusimulia kwamba ameendesha kilomita 1,000 kwa siku moja, tusianze kwa makofi. Tumuulize kama waulizavyo wale Wamarekani wenye stakabadhi zao: ulianza saa ngapi, ulisimama wapi, ulilala saa ngapi? Majibu yake ndiyo yatakayotuonyesha kama tunaye shujaa au tunaye mtu wa kuokolewa.

Jumatatu iliyopita mwanafunzi wangu hakufika katika kipindi cha asubuhi. Nilimuuliza jirani yake, akanijibu kwa woga kwamba mwenzake amelala. Nilisema ni vyema, na tukaendelea na somo.