Chipu ya kwenye bango

Tusidanganyane. Siku hizi Bongo wikiendi haipiti bila mbio. Benki ina mbio, hospitali ina mbio, kanisa lina mbio, mkoa una mbio. Na kwenye mabango mengi utakuta ahadi ile ile chini ya picha ya medali: muda utapimwa kwa chipu. Unalipa kiingilio, unapewa tisheti na namba ya kifuani yenye kistika nyuma, unakimbia. Halafu matokeo yako wapi? Yanakuja baada ya wiki, au hayaji kabisa, au yanakuja na jina lako kwenye orodha ya wanawake wakati wewe una ndevu mpaka kifuani.

Hoja yangu leo ni moja. Mwandaaji anayeandika "chipu" kwenye bango bila kuwa na mfumo kamili anauza kitu ambacho hana. Mwenye duka akifanya hivyo tunamwita tapeli. Kwa mwandaaji wa mbio tunapiga picha na medali, tunarudi nyumbani tukiwa tumefurahi.

Kwanza tuelewane chipu ni nini. Kile kistika hakina saa ndani yake. Kina namba tu. Saa iko kwenye mashine iliyounganishwa na antena, na mara nyingi antena zenyewe zimo ndani ya mikeka unayoikanyaga. Ukipita, antena inaisoma namba yako, mashine inaandika muda. Basi. Kwa hiyo kama mkeka uko mwisho tu na mwanzoni hakuna kitu, chipu yako haijui ulianza saa ngapi. Umesimama nyuma ya watu 5,000, umefika kwenye mstari wa kuanzia dakika 4 baada ya mgeni rasmi kupuliza filimbi, umekimbia kilomita 10 kwa dakika 50. Utaandikiwa 54. Dakika 4 zimeliwa na msongamano. Hapo chipu imekusaidia nini ambacho mtu mwenye saa ya mkono asingeweza?

Katikati ya njia nako ni hivyo hivyo. Mwaka 1980 Rosie Ruiz alivikwa taji la Boston Marathon kumbe aliingia njiani karibu na mwisho. Alinyang'anywa ushindi siku chache baadaye. Mikeka ya katikati ndiyo dawa ya watu wa aina hiyo. Mbio zenye mkeka mmoja wa mwisho zinamkaribisha kila mwenye nauli ya bodaboda.

Na hata mikeka ikijaa njia nzima, chipu haimjui mtu, inajijua yenyewe. Mwaka 1999 kwenye Comrades ya Afrika Kusini, ndugu wawili wa ukoo wa Motsoeneng walibadilishana vyooni, mmoja akapumzika mwingine akakimbia, wakamaliza nafasi ya 9. Hawakukamatwa na mashine. Walikamatwa na picha: kwenye picha moja saa imevaliwa mkono wa kulia, kwenye nyingine mkono wa kushoto. Ndiyo maana mwandaaji makini huweka kamera hata kama ana chipu za bei mbaya.

Najua mtakachosema. "Kaka, hizi ni mbio za hisani, muda wa nini?" Sawa. Kama muda si kitu, ondoa neno chipu kwenye bango na upunguze kiingilio. Huwezi kulitumia kuvuta wateja halafu tukidai matokeo unatukumbusha wagonjwa. Halafu kuna zawadi za fedha. Kuna kijana ametoka Mbulu au Singida kwa nauli ya kukopa, anatafuta muda ulioandikwa rasmi ili siku moja aonyeshe kwa meneja au kwa mbio kubwa. Mbio kama Boston zina viwango vya muda kwa wanaotaka kufuzu, na ushahidi wake ni matokeo rasmi ya mbio zilizopimwa. Kwa kijana huyo orodha ya matokeo ni cheti. Wahenga walishasema, mali bila daftari huisha bila habari. Mali yake ni miguu, daftari umelipoteza wewe.

Tena sisi ndio tungepaswa kujua thamani ya sekunde kuliko wengine. Juma Ikangaa aliachwa kwa sekunde 1 tu na Mkenya Ibrahim Hussein kwenye Boston ya 1988. Septemba 2025 jijini Tokyo, Alphonce Simbu alitwaa dhahabu ya dunia ya marathoni, ya kwanza kwa Tanzania. Yeye na Mjerumani Amanal Petros wote waliandikiwa saa 2:09:48, tofauti ikawa sekunde 0.03. Iliyoamua ni picha ya mstari wa mwisho, kwa sababu sheria inaangalia kiwiliwili kinachofika kwenye mstari. Haiangalii kiatu wala karatasi ya namba. Nchi yenye bingwa wa namna hiyo haina kisingizio cha kupima vijana wake kwa kukisia.

Sasa kabla hujamlipa mwenye mashine, ndugu mwandaaji, muulize haya.

Moja, ni chipu gani? Zile nyembamba za kubandika kwenye namba ni nafuu na hazirudishwi, zinafaa umati. Lakini mwili wa mtu umejaa maji, na maji huzuia mawimbi ya chipu hizo. Mkimbiaji akikunja namba, akiifunika kwa koti au akiifunga mgongoni, inaweza isisomwe. Kwa hiyo mtangazaji wako awaambie watu waivae kifuani, waziwazi, badala ya kuwaimbisha tu. Kwa baiskeli na triathloni, chipu yenye betri, au ya kufunga kwenye kifundo cha mguu, inaaminika zaidi, ila ni ghali na lazima ukusanye zote mwishoni.

Mbili, mikeka mingapi, na iko wapi? Jibu dogo kabisa ni mwanzo, pale mnapogeuzia na mwisho.

Tatu, umeme ukikatika? Mashine iwe na betri yake, na jenereta iwepo pembeni. Pale mwisho kuwe na mkeka wa pili hatua chache mbele, kamera inayorekodi, na watu wawili wenye kalamu wanaoandika namba. Kalamu haijawahi kukatika umeme.

Nne, orodha ya majina inafungwa lini? Mashine itasoma namba 1204 vizuri kabisa, ila kama dada wa usajili alimpa mtu mwingine namba hiyo asubuhi bila kuandika, umetoa muda sahihi kwa mtu asiyehusika. Wala usiilaumu teknolojia.

Tano, na hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, njia imepimwa na nani? Kuna watu wanapima kwa spidomita ya gari au kwa simu. Upimaji unaokubalika duniani unatumia baiskeli iliyosawazishwa kwa kipimo maalumu, na huongezwa mita 1 kwa kila kilomita ili njia isije ikawa fupi. Kwenye marathoni ni kama mita 42 za ziada. Ukipima muda mpaka sehemu ya sekunde kwenye "kilomita 21" ambazo kumbe ni 20 na kitu, umeandika uongo kwa mwandiko mzuri. Njia ya mwongo ni fupi, na hapa ni fupi kwelikweli.

Mkishindwa yote haya, tumieni stopuwochi na daftari, mtuambie mapema kwamba ni stopuwochi. Mimi nitalipa na nitakimbia kwa furaha. Ninachokataa ni jukwaa la muziki la mamilioni, mahema ya wadhamini, tisheti za rangi tatu, halafu kipimo cha muda ambacho ndicho kinachozifanya mbio kuwa mbio kinapewa fedha iliyobaki.

Na wewe unayelipa, usiulize tu tisheti ina saizi gani. Uliza mikeka iko mingapi. Akijikanyagakanyaga, baki na hela yako.

Naomba kuwasilisha. Wa kubisha abishe.