Mrehani wa Roshani



Mama zetu na dada zetu, juma hili tunaandika juu ya jambo ambalo sisi wenyewe tulilikosea, tena nyumbani mwetu.

Mama yetu mzazi tulimleta kutoka Mombasa aje akae nasi mtaa wa Umoja, ghorofa ya tatu. Katika mizigo yake mlikuwa na vijiti vitatu vya mrehani vilivyofungwa kwa kitambaa chenye maji. Alivitia katika gilasi ya maji, vikatoa mizizi, akavihamishia makopo ya samli. Kisha akaongeza nanaa na mchaichai. Haikupita muda, jirani wa chini akalalamika kuwa maji yanadondokea nguo alizoanika. Sisi, bila ya kumuuliza mama, tukaamrisha makopo yakatupwe.

Mama hakusema neno. Ila tangu siku ile hakutoka tena kukaa roshanini.

Nasi ndio wenye kuwasomesha watoto Suratur Rahman, ambamo rehani imetajwa miongoni mwa neema! Ndio tuwahadithiao kuwa Mtume, rehma na amani zimfikie, amewausia watu wasiikatae rehani wapewapo, kwani ni nyepesi kubeba na harufu yake ni nzuri, kama ilivyopokewa katika Sahihi Muslim.

Aliyetuokoa ni mjukuu wake wa miaka tisa. Alikuwa amelificha kopo moja nyuma ya pipa la maji, akaliwekea sinia kuukuu chini yake. Maji hayakudondoka tena. Siku ya pili akamshika nyanya yake mkono wakashuka kwa jirani na tawi la rehani. Jirani yule ni mzaliwa wa Kakamega, ambako majani ya jamii hii yanajulikana kwa kufukuza mbu. Aliinusa, akacheka, akawakaribisha chai. Waliporudi ilikuwa imekaribia Magharibi.

Tangu hapo kila mtoto wetu ana kopo lake, wavulana nao, ingawa tulipokuwa wadogo tuliambiwa hiyo ni kazi ya kike. Nyanya yao hawahutubii. Hukaa kwenye mkeka akawaonyesha. Maua ya mrehani hukatwa mapema ili majani yazidi. Nanaa hukaa peke yake, maana mizizi yake hutambaa ikawasonga wenziwe. Mbegu za kotmiri husagwa kidogo kwa chupa zipasuke, kisha zikapandwa. Na kwa kuwa maji ya mfereji huku Eastlands huja kwa zamu, tunakinga beseni wakati wa kutawadha, na maji hayo ndiyo tunyweshayo. Angalau kotmiri yetu tunajua ilikunywa nini. Baadhi ya mboga za jijini humu hunyweshwa maji taka.

Kopo la mvulana wetu mkubwa lilikufa mara mbili kwa kuzidishiwa maji. Tulitaka kumkemea, mama akatuzuia, akampa kijiti cha tatu.

Mwezi wa Julai baridi ya Nairobi iliupiga mrehani, majani yakawa meusi. Mtoto alilia. Nyanya yake akamwambia mrehani ni mtu wa pwani, haustahimili baridi, na wakakaa pamoja wakikung'uta vikonyo vilivyokauka. Mbegu zake ni nyeusi, ndogo kama chembe za baruti. Zimefungwa katika kipande cha kanga, chini ya mto wa nyanya, zikingoja jua la Septemba.