STRIPU SI TAKATAKA



Kuna neno tumelisikia mara nyingi mno, nalo latuchosha. Mwenzetu akiuliza stripu za zamu yake zimepelekwa wapi, hujibiwa: "Hizo ni karatasi tu." Lakini siku ndege inapoanguka, kitu cha kwanza kutiwa katika bahasha na kufungwa ni zile zile karatasi tu. Basi twauliza wazi wazi: karatasi hizi ni kitu gani mbele ya sheria? Siku ya salama ni takataka, na siku ya msiba ni shahidi?

Kwa ndugu zetu wa mizigo, wa jikoni na wa usafi ambao hawajapanda mnarani, tueleze kidogo. Stripu ni kipande chembamba cha karatasi, kila ndege na chake. Mwongoza ndege huandika humo jina la ndege, kimo alichompa rubani, na dakika aliyompa. Kando yake lipo daftari la zamu: nani amekaa kitini, nani amempokea, redio ipi imeharibika. Saa zinazoandikwa si za Nairobi wala za Kiswahili, ni za Greenwich. Ndege iliyoruka Wilson saa moja na robo asubuhi itasomeka 0415. Mtu asiyejua hesabu hiyo ataapa kwamba mwenzetu alikuwa kazini, kumbe wakati huo alikuwa bado amelala kwake Kawangware.

Sasa sheria. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, haiulizi kama karatasi ni nzuri au ina muhuri. Hati iliyoandikwa na mtu katika kutimiza kazi yake, juu ya jambo alilolijua mwenyewe, yaweza kupokewa mahakamani, na aliyeiandika aweza kuitazama ili ajikumbushe. Maana yake ni kwamba stripu ni ushahidi tangu kalamu inapoinuliwa. Si lazima mkubwa aipe cheo hicho.

Kama ni hivyo, yatunzwa muda gani? Utaratibu wa ICAO wasema si chini ya siku 30, na zaidi ya hapo ikiwa yahusika na uchunguzi. Siku thelathini! Lakini mtu aliyeumizwa kwa uzembe ana miaka 3 ya kufungua madai, na akiidai Serikali ana miezi 12. Mfanya kazi aliyefukuzwa ana miaka 3 ya kwenda mahakama ya kazi pale Milimani. Na shitaka la kuua bila kukusudia halina mwisho wa miaka. Tazameni hesabu hii, ndugu. Karatasi inaweza kufa mwezi wa kwanza, na kesi ikazaliwa mwaka wa pili. Wakati huo mwenzetu atasimama kizimbani na kichwa chake tu, akijaribu kukumbuka asubuhi moja kati ya asubuhi mia saba.

Mabwana hupenda kusema kwamba kumbukumbu ni za usalama, si za kumshika mtu. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago kweli chaweka ulinzi. Lakini kisomeni vizuri. Chataja maelezo ya mashahidi, chataja tepu za waongoza ndege na maandishi yaliyonakiliwa kutoka tepu hizo. Stripu na daftari la zamu havikutajwa kwa majina. Hata vile vilivyotajwa vyaweza kufunguliwa, wenye mamlaka wakipima na kuona faida yashinda hasara. Mwavuli upo, ila una matundu, na tundu moja liko juu ya kichwa chetu.

Wala tusidanganyike kwamba kompyuta itatuokoa. Kumbukumbu ya kompyuta huingia mahakamani kwa kifungu cha 106B, nacho chataka cheti cha mtu mwenye dhamana ya mashine. Huyo ni nani? Si mtu wa zamu.

Hatusemi haya kwa kuichukia kumbukumbu. Tarehe 3 Septemba 1974 ndege ya British Airways, Boeing 747, ilikuwa ikija kutua Embakasi. Iliruhusiwa kushuka mpaka futi 7,500. Marubani wakaelewa 5,000. Na uwanja wenyewe uko zaidi ya futi 5,300 juu ya bahari! Ilifika kama futi 70 kutoka ardhini, ndipo ikainuliwa, na hakufa mtu. Fikirini kama kusingekuwa na kumbukumbu ya agizo lile. Neno la mtu wa mnarani lingepimwa na neno la marubani, na hatuna haja ya kuwaambia nani angeaminiwa.

Upande wa pili ni Zagreb, Yugoslavia. Tarehe 10 Septemba 1976 ndege mbili ziligongana angani, wakafa watu 176. Kijana Gradimir Tasić alikuwa peke yake kwenye kazi ya watu wawili, na habari ya ndege moja ilimfikia kwa stripu iliyopitishwa mkono kwa mkono, bila utaratibu uliowekwa. Wengi walishitakiwa. Aliyetiwa hatiani ni yeye tu, miaka 7. Waongoza ndege wa nchi nyingi walipeleka maombi, akaachiliwa 1978. Tukumbuke kwamba aliyemtoa ni umoja wa wenzake.

Na kwetu hapa, helikopta iliyotoka Wilson ikaanguka Kibiku, msitu wa Ngong, tarehe 10 Juni 2012, na watu 6 wakafa, wakiwamo Waziri George Saitoti na msaidizi wake Orwa Ojode. Tume ikaundwa chini ya Jaji Kalpana Rawal. Siku kama hizo nchi nzima hutaka kujua nani alisema nini na dakika gani. Si siku ya kuanza kutafuta daftari.

Twadai nini? Stripu zikichukuliwa baada ya ajali au hatari, zifungwe mbele ya aliyeziandika, naye atie sahihi juu ya bahasha na apewe nakala. Asiandikishe taarifa kabla hajaziona. Na akiitwa kujibu shitaka la kazini, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, yampa haki ya kuja na mwenzake wa kazi au mwakilishi wa chama. Hiyo si zawadi ya tajiri, ni sheria tayari. Siku 30 nazo ni kiwango cha chini. Hakuna aliyekatazwa kutunza miaka 3, na gharama yake ni makasha na kabati.

Lakini na sisi tuambiane. Wapo wenzetu wanaojaza daftari mwisho wa zamu kwa kukisia. Wapo wanaomtilia sahihi rafiki aliyechelewa na matatu ya Kangemi. Mwenye kufanya hivyo amejiandikia shitaka kwa mkono wake, na siku hiyo hata wakili wa chama atakuna kichwa. Ukikosea namba, pitisha mstari mmoja ili ya kwanza isomeke, kisha andika ya pili. Usifute. Redio ikikwaruza, andika. Ukiachwa peke yako kitini, andika hilo pia, na saa yake.

Kila mwenye nakala ya maagizo ya mnara wake kuhusu utunzaji wa stripu ailete ofisini kabla ya mwisho wa mwezi. Twataka kuyaweka mezani yote pamoja, tuone nani anatunza nini, na nani anachoma.